KAZI YA JUMAPILI ILIPWE KAMA KAZI

*Kwa:* Wanachama wote, mabalozi wa mashina na wajumbe wa kamati ya tawi
*Kutoka:* Katibu wa Tawi

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa Jumamosi jioni. Nayatuma kwa maandishi kwa sababu wengi hamkufika, na wengine mmeniambia ujumbe wa sauti unakula bando. Someni taratibu. Mwenye mzazi au jirani asiye na simu amsomee.

*UTANGULIZI*



Mkutano huu tuliupanga Jumapili, mabalozi wakasema Jumapili watu wako kazini. Tukauhamishia Jumamosi jioni, na bado viti vingi mbele yangu viko wazi. Nimeuliza shina kwa shina. Shina la kwanza: wako kiwandani, samaki wameingia. Shina la pili: wako saiti, wanamwaga zege. Shina la tatu: wako ukumbini, kuna harusi. Shina la nne: dada yetu wa dukani ameitwa kuhesabu mali.

Nikauliza tena: wanalipwa shilingi ngapi kwa kazi hiyo? Hapo mabalozi wote wakacheka. Mmoja akanijibu, "Katibu, wanapewa ya soda."

Nilitaka kuzungumzia ada za uanachama leo. Nimeziweka pembeni, nitazungumzia hiyo soda.

*KAZI ISIYOANDIKWA*

Tuelewane kwanza ninazungumzia nini. Sizungumzii mtu aliyeajiriwa kwa zamu, anayejua zamu yake inaangukia Jumapili na siku yake ya kupumzika ni Jumanne. Huyo ana utaratibu wake. Nazungumzia mtu anayefanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, kisha Jumamosi saa kumi jioni msimamizi anapita na kusema, "Kesho saa moja asubuhi mje, kuna gari la kupakia." Hakuna karatasi, na daftari la mahudhurio halifunguliwi siku hiyo. Jioni anapewa noti ya elfu tano, au elfu saba kama bosi yuko na furaha, au sahani ya wali na nauli ya daladala. Mwisho wa mwezi, kwenye karatasi ya mshahara, ile Jumapili haipo. NSSF nako haipo. Ni kama siku ile haikuwahi kuwepo.

Mwanza hii tunaijua vizuri. Ziwa halina Jumapili. Sangara akishavuliwa anaoza; lazima achunwe, akatwe minofu, agandishwe. Malori ya kwenda Dar es Salaam na mipakani hayasubiri Jumatatu. Pale Mwaloni Kirumba magunia ya dagaa hupakiwa siku yoyote meli au gari likiwepo. Mjini, maduka ya jumla huhesabu mali wikendi kwa sababu ndiyo siku wateja ni wachache. Shule binafsi huwaita walimu Jumamosi kufundisha masomo ya ziada. Kwa hiyo sisemi kazi ya wikendi ikomeshwe. Ikikomeshwa, nusu yetu hapa tutalala njaa. Ninachosema ni kwamba ikifanyika, ilipwe kama kazi.

Niseme pia nisichokigusa leo. Mabaharia wa mitumbwi wanaogawana mapato, wanaopumzika wakati wa mbalamwezi, hao mkataba wao ni wa mgao na una mambo yake. Tutalizungumza siku nyingine.

*KWA NINI NASEMA MIMI*

Wengi mnanijua kama mtu wa hesabu. Diploma yangu ya uhasibu ndiyo iliyonilisha kabla ya ukatibu, na bado inanilisha. Leo nitawaambia jambo ambalo sikuwahi kulisema mbele ya mkutano.

Nilipokuwa kijana nilikuwa karani wa hesabu kwenye ghala moja la mfanyabiashara hapa mjini. Jina silitaji, na ghala lenyewe halipo tena. Kila mwisho wa mwezi, Jumamosi na Jumapili, tulikuwa tunahesabu mali na kupanga magunia upya. Makuli sita, mimi na msimamizi. Jioni bosi alinipa fedha kwenye bahasha nigawe, elfu mbili mbili, na mimi nikaandika vocha ya petikashi. Sikuandika "malipo ya vibarua." Bosi alisema akiandika hivyo ataulizwa maswali. Nikaandika "chai ya wageni." Kwa mwandiko wangu huu huu mnaouona kwenye kadi zenu.

Jumapili moja magunia yaliporomoka, yakamvunja mguu kaka mmoja wa Sengerema. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Ndugu zake walipokuja kuuliza habari ya matibabu na fidia, bosi akasema huyu mtu siku ile hakuwa kazini, alikuja kuwatembelea wenzake. Akawafungulia daftari la mahudhurio: Jumapili hakuna jina. Akafungua daftari la petikashi: chai ya wageni. Kisha akanigeukia mimi, "Mhasibu, si kweli?"

Nilinyamaza. Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Nilikuwa na mke mjamzito na kodi ya nyumba ya miezi sita. Yule kaka alirudi kwao na mguu uliounga vibaya. Nilichangia nauli. Nauli!

Ndugu zangu, mtu anaweza kudhulumiwa bila yeyote kusema uongo mdomoni. Inatosha karani aandike neno moja badala ya jingine. Ndiyo maana siwezi kuona soda zinaandikwa tena kwenye tawi langu nikanyamaza mara ya pili.

*SHERIA INASEMA NINI*

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, haikuacha jambo hili kwenye huruma ya bosi. Nayaeleza kwa lugha ya mtaani:

1. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na jumla saa 45 kwa wiki.

2. Zaidi ya hapo ni ovataimu. Ovataimu ni kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki nne, na siku nzima pamoja na ovataimu isizidi saa 12. Malipo yake si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa.

3. Kila wiki mfanyakazi apate mapumziko ya saa 24 mfululizo. Anaweza kufanya kazi ndani ya mapumziko hayo akikubali mwenyewe, na mwajiri amlipe mara mbili kwa kila saa.

4. Sikukuu za kitaifa vilevile ni mara mbili.

5. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Wahudumu wa kumbi na walinzi, hii ni yenu.

Oneni kwamba sheria haikutaja Jumapili kama siku takatifu. Imesema saa 24 kati ya siku ya mwisho ya kazi ya wiki hii na siku ya kwanza ya wiki ijayo. Kwa hiyo ndugu zetu Wasabato, ambao ni wengi huku Kanda ya Ziwa, kama utaratibu wenu wa kazi ni kupumzika Jumamosi, mkiitwa Jumamosi ndiyo ya mara mbili. Yapo pia makubaliano ya maandishi yanayoruhusu kukusanya mapumziko, kwa mfano saa 60 mfululizo kila baada ya wiki mbili. Ila yawe ya maandishi. "Tulishaongea" si maandishi.

Na anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa 9 kwa siku, ameshatimiza 45. Akiitwa Jumamosi hiyo ni ovataimu, mara moja na nusu. Akiitwa na Jumapili juu yake, amegusa mapumziko yake, ni mara mbili. Msichanganye hizi mbili mkienda kudai, mtaonekana hamjui mnachodai.

Sheria hii ya saa haiwahusu mameneja wanaosimamia watu kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Wewe uliyepewa jina la "supavaiza" ili usidai ovataimu, huku bado unabeba maboksi na wenzako, jiulize kama kweli ni meneja.

Wala hili si jambo jipya duniani. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa mapumziko ya kila wiki viwandani mwaka 1921, saa 24 katika kila siku saba. Zaidi ya miaka mia. Na hapa kwetu, Septemba 1947, makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kudai malipo bora, mgomo ukafuata reli mpaka bara, na baada yake mishahara yao ikapandishwa. Wale hawakuwa na diploma. Walijua tu hesabu ya jasho lao.

*HESABU YENYEWE*

Sasa chukueni simu, fungueni kikokotoo.

Sheria inasema mshahara wa mwezi ukitaka kuugeuza kuwa wa saa, unagawa kwa 4.333 mara saa zako za kawaida za wiki. Kwa anayefanya saa 45, hiyo ni takriban 195. Kwa anayefanya saa 40, ni kama 173. Chukua mshahara wa msingi, bila posho.

Nachukua mtu wa 390,000 kwa sababu hesabu inatoka bila vipande:

390,000 ÷ 195 = 2,000 kwa saa.
Ovataimu: 3,000 kwa saa.
Siku ya mapumziko: 4,000 kwa saa.
Jumapili ya saa 8: *32,000.*

Alipewa 7,000. Imebaki 25,000 mfukoni mwa mwingine. Akiitwa Jumapili mbili kwa mwezi, kwa mwaka ni Jumapili 24, sawa na 600,000. Mshahara wake wa mwezi mmoja na nusu ni 585,000. Kwa hiyo kila mwaka huyu ndugu anafanya kazi zaidi ya mwezi mmoja na nusu bure, na bado anashukuru kwa soda.

Najua mtaniambia: Katibu, ikipita kwenye mshahara inakatwa, ya mkononi haikatwi. Ni kweli, na hilo ndilo linalotufanya tukubali. Basi tuikate. Kwenye ile 32,000 toa asilimia 10 ya NSSF, inabaki 28,800. Toa kodi asilimia 8, inabaki karibu 26,500. Hata baada ya makato yote ni zaidi ya mara tatu ya ile 7,000. Na ile ya NSSF haijapotea, ni yako, na mwajiri anaongeza sehemu yake. Ya mkononi ni tamu kwa sababu hatujawahi kuona ile nyingine.

*MANENO TUNAYOAMBIWA*

*"Ulikubali mwenyewe."* Nilikubali kuja kazini. Sikukubali kulipwa chini ya sheria, na hata ningekubali, kiwango cha sheria ndicho cha chini kabisa. Mkataba unaweza kukizidi, hauwezi kukipunguza.

*"Wewe ni kibarua, huna mkataba."* Hapa msikilize vizuri, hasa vijana wa deiwaka. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya 2004, imeweka dalili kadhaa za kumtambua mfanyakazi, na ikiwepo hata moja tu anahesabiwa kuwa mfanyakazi hadi ithibitishwe vinginevyo. Dalili mojawapo ni kwamba umemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Nyingine ni kwamba anakuelekeza namna ya kufanya kazi, anakupangia saa, au anakupa vifaa. Kijana anayepakia magunia Jumamosi na Jumapili, saa sita kila siku, kwa wiki nne anafika saa 48. Ameshavuka. Ila awe mkweli: kama yeye hufanya kazi wikendi tu, Jumapili kwake ni siku ya kawaida na hadai mara mbili. Anadai kima cha chini cha sekta yake na haki nyingine za mfanyakazi.

*"Haikuandikwa, utathibitishaje?"* Mwajiri ndiye anayetakiwa kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi, saa na malipo yakiwemo, na kuyatunza. Shauri likifika mbele na akashindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti hayo unamwangukia yeye. Lakini msilale kwa kutegemea hilo, maana bado utaulizwa kama kweli ulikuwepo siku hiyo. Nunua daftari dogo. Andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani alikuita, ulikuwa na nani, ulipewa kiasi gani. Ujumbe wa "kesho mje saa moja" usiufute. Akikulipa kwa simu, ule ujumbe wa muamala ni ushahidi bora kuliko noti.

*"Biashara ni ndogo, sina hela."* Hili silidharau. Humu ndani kuna wenye biashara, na najua miezi mingine mnakopa kulipa watu. Lakini kama Jumapili hailipi kwa bei ya sheria, maana yake Jumapili ile ilikuwa hasara tangu mwanzo, ila hasara umembebesha kijana. Punguza saa. Ita watatu badala ya sita. Panga zamu kwa maandishi, huyu apumzike Jumapili, yule Jumatano. Hizo zote ni njia halali.

*"Ukidai utaondoka."* Kumwachisha mtu kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria si sababu halali ya kumwachisha. Hivyo ndivyo sheria inavyosema. Lakini mimi ni mtu mzima, najua sheria inakuja baadaye na njaa inakuja leo usiku. Ndiyo maana nasema msiende mmoja mmoja.

*PA KWENDA*

Kwanza, zungumzeni na mwajiri kwa adabu, mkiwa zaidi ya mmoja, mkiwa na hesabu mkononi. Wengi hulipa wakiona karatasi, kwa sababu hawajawahi kuoneshwa.

Pili, vyama vya wafanyakazi. Viwandani na madukani kuna TUICO, hotelini na kwa wafanyakazi wa majumbani kuna CHODAWU, migodini na kwenye ujenzi kuna TAMICO. Wazee mnakumbuka NUTA ya 1964 na JUWATA ya 1978, wakati chama cha siasa na chama cha wafanyakazi vilikuwa nyumba moja. Zama hizo zimepita. Sisi tawi la siasa si chama cha wafanyakazi wala si mahakama. Kazi yetu ni kumwelekeza mwanachama na kumsindikiza.

Tatu, Afisa Kazi, ambaye ana mamlaka ya kukagua sehemu za kazi.

Nne, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ipo hapa Mwanza. Unajaza fomu namba 1 na kumpa mwajiri nakala. *Siku mzihesabu.* Mgogoro wa kuachishwa kazi ni ndani ya siku 30. Madai mengine, kama haya ya malipo, ni ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Ukichelewa unalazimika kuomba kuongezewa muda na kutoa sababu nzito, na si lazima ukubaliwe. Wengi wetu tunapoteza haki kwa kusubiri "mwaka mpya bosi atatukumbuka." Bosi anaweza kukumbuka. Kalenda haikukumbuki.

*JAMBO LENYEWE LA TAWI*

Sasa nifike pagumu.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa shina letu alinijia nyumbani na daftari la mtoto wake wa shule. Kurasa za nyuma amepiga mistari ya Jumapili zote alizofanya kazi, na kando ameandika alichopewa. Anafanya kwa mwenye biashara ambaye ni mwanachama mwenzetu. Ni ndugu anayetusaidia. Bati za ofisi hii mliyokaa chini yake, sehemu ni zake.

Kuna waliokuja kunishauri kwa nia njema, "Katibu, hili limalize kimyakimya, usimwudhi mfadhili." Nimelifikiria usiku mzima. Nikaikumbuka chai ya wageni.

Nilimwendea yule ndugu dukani kwake. Nikamsalimu, tukanywa chai, nikamwekea karatasi ya hesabu. Nikamwambia bati tulizipokea kwa shukrani na kumbukumbu za tawi zinaonyesha hivyo. Lakini bati si malipo ya Jumapili za mama yule. Hayo ni madaftari mawili tofauti, na mhasibu anayeyachanganya hafai. Hakukasirika, na pia hakuahidi. Alisema atapitia. Mpaka leo hajajibu, na siku 60 za mama zinaendelea kuhesabika. Nimemwambia mama asisubiri jibu ndipo aandae fomu. Fomu iandaliwe, na jibu likija jema, fomu itachanwa.

Ndugu yangu, kama unasoma ujumbe huu, na najua unausoma, sijataja jina lako na sitalitaja. Mlango wangu uko wazi. Na kwa faida yako mwenyewe nakwambia kama mtu wa hesabu: mshahara uliouficha kwenye petikashi unakudanganya wewe wa kwanza. Unadhani Jumapili inakupa faida kwa sababu hujaandika gharama yake. Na siku mtu akiumia kwenye siku ambayo haimo kwenye vitabu vyako, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ipo na Mfuko upo, lakini utaanza kwa kueleza kwa nini aliyeumia hakuwepo kwenye daftari. Nimemwona mtu akieleza hilo. Si kitu cha kutamani.

*MAPENDEKEZO KWA KAMATI*

Mwenyekiti, naomba kamati ya tawi ipokee mambo manne:

1. Kila Jumatano jioni ofisi ya tawi iwe wazi kwa mwanachama mwenye swali la malipo. Nitakaa mwenyewe na kikokotoo. Bure.

2. Kila balozi awe na karatasi moja yenye viwango na siku za CMA, aisome kwenye shina lake.

3. Wanachama wenye kuajiri tukutane nao peke yao, kwa heshima, tuwasikilize na tuwaoneshe namna ya kupanga zamu na kuandika malipo. Hatutaki kuwagombanisha watu wa tawi moja.

4. Tawi lianze na lenyewe. Fundi aliyetutengenezea madawati haya alifanya kazi Jumamosi mbili mpaka usiku, tukampa chakula na makofi. Nimeandika vocha yake leo. Imeandikwa "ufundi wa madawati," jina lake, siku na kiasi. Mweka hazina ameisaini. Atalipwa kabla hatujafunga mkutano.

Waliokosa viti wameketi, viti vilikuwa vingi. Natamani mkutano ujao vijae, na kama havitajaa kwa sababu watu wako kazini, basi wawe wanalipwa.



*Katibu wa Tawi*

_Maelezo baada ya mkutano:_ Mapendekezo namba 1, 2 na 4 yamepitishwa na fundi amelipwa. Namba 3 imeahirishwa hadi kikao kijacho cha kamati. Mabalozi, karatasi za viwango zichukuliwe ofisini Jumatano. Ujumbe huu ruksa kuusambaza kwenye makundi ya mashina.